Ampu haijafa: hesabu ya nguvu iliyopotea kwenye Hiace moja

"Fundi, ampu imekufa." Hili ndilo neno ninalolisikia zaidi kwa madereva wa matatu hapa Mombasa. Ampu ni amplifaya, kile kisanduku kinachoipa sauti ya redio nguvu kabla haijafika kwenye spika. Nikiuliza imekufaje, naambiwa inawaka, taa yake ya kijani iko, ila sauti haina nguvu. Basi hiyo haijafa. Ampu iliyokufa hukaa kimya, au huwasha taa nyekundu na kujifungia, au hukata fyuzi kila unapoweka mpya. Ampu yenye sauti hafifu bado inafanya kazi. Kuna mahali nguvu yake inapotea, na mahali hapo panapimika.

Nataka kuwaeleza gari moja lililoletwa kwangu baada ya mvua za masika, kwa sababu lilikuwa na kasoro tatu kwa pamoja, na kila kasoro ilikuwa inamficha mwenzake. Fundi aliyelishika kabla yangu alikuwa amekwisha kutoa hukumu: nunueni ampu nyingine.

Lilikuwa Toyota Hiace la njia ya Likoni na Ukunda. Ampu ni ya njia nne, yaani ina matokeo manne ya sauti. Njia mbili zinalisha spika za darini, na mbili zilizobaki kila moja ina wufa yake (spika ya besi) ya inchi 12, wufa zote zikiwa kwenye sanduku moja nyuma ya kiti cha mwisho. Dereva ni mtu wa umri wa baba yangu.

"Mwanangu, niambie ukweli. Ninunue au nisinunue?"

"Ami, tusifike huko bado. Sauti ilipungua ghafla au polepole?"

Akafikiri. "Polepole. Kidogo kidogo tu, na ukipandisha inapasuka. Lakini besi, hiyo ilipotea siku moja."

"Siku hiyo gari lilifanyiwa nini?"

Aliyejibu ni makanga, kutoka mlangoni: "Tulikuwa tumetoka kubadilisha koni ya wufa, ile ya kushoto ilichanika."

Mimi nauliza kabla ya kushika bisibisi, kila mara. Kitu kinachopungua polepole kwa kawaida ni kutu, joto au mahali palipolegea. Kitu kinachopotea siku moja ni mkono wa mtu. Maswali mawili tu, nami nikajua natafuta zaidi ya kosa moja.

Kabla sijaendelea, wacha nieleze ampu ya gari inafanya nini, maana ukilielewa hili vipimo vyote vinavyofuata vitaeleweka. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, altaneta huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4. Spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ikilishwa volti hizo bila kuzidishwa, haiwezi kupata zaidi ya wati 20 na ushei. Ndiyo maana redio ya dashibodi iliyoandikwa "50W x 4" usoni, kwa kweli inatoa karibu wati 20 kila njia. Ampu huvuka kikomo hicho kwa kuzidisha volti. Ndani yake kuna IC (chipu) ndogo, mara nyingi TL494, inayowasha na kuzima MOSFET, yaani transista za kukata umeme, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Umeme huo uliokatwakatwa hupita kwenye koili ya duara, ukatoka upande wa pili ukiwa na volti nyingi, dayodi zikaunyoosha, na transista za mwisho zikapata, kwa ampu hii, volti 26 juu ya sifuri na 26 chini ya sifuri. Kwa volti hizo, kila njia inaweza kusukuma karibu volti 16 za mawimbi kwenye spika bila kupasuka.

Wati ni volti mara volti, gawa kwa omu. Kwa hiyo 16 mara 16 ni 256, gawa kwa 4, unapata wati 64 kwa kila njia. Kasha la ampu hii limeandikwa wati 2000. Msiangalie kasha, angalieni fyuzi. Hii ilikuwa na fyuzi mbili za ampea 20. Ampea 40 kwa volti 13.8 ni wati 552 zinazoweza kuingia, na ampu za aina hii, zile za daraja AB, hutoa kama asilimia 60 ya kinachoingia, kinachobaki ni joto. Hapo una wati 330 hivi za jumla, na zile 64 mara nne ni 256. Hesabu imekubaliana. Wati 64 safi kwa kila spika ndani ya Hiace ni sauti kubwa sana, wala hakuna abiria atakayelalamika kuwa haitoshi.

Nikawasha injini nikapima kwenye betri: 14.1. Nikaenda nyuma, redio ikiwa juu na muziki ukipasuka vile vile kama alivyosema Ami, nikapima kwenye skrubu za ampu yenyewe: 11.2. Volti 2.9 zimepotea njiani. Mita ya kubana waya ikaniambia ampu inavuta karibu ampea 15.

Hapa mafundi wengi husema "waya mwembamba" wakakimbia kununua mwekundu mnene. Mimi hupima kila upande peke yake, nami nawasihi mfanye hivyo. Chukueni waya mrefu wowote, muufunge kwenye kichwa hasi cha betri, uvuteni mpaka nyuma. Ncha moja ya mita iguse waya huo, ncha ya pili iguse skrubu ya erthi ya ampu (upande hasi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari), muziki ukilia. Mita ikisoma volti 0.1 au 0.2, erthi ni nzuri. Yangu ilisoma 2.1. Nikarudia kwa upande mwekundu, ule chanya: 0.8.

Erthi ilikuwa imefungwa kwa parafujo ya mbao, naam, ya mbao, kwenye reli ya kiti, juu ya rangi. Sasa fikirieni matatu ya pwani. Hewa yenyewe ina chumvi. Jioni linaoshwa na maji yanapita chini ya viti. Shaba ya ule waya ilikuwa imegeuka kijani mpaka ndani ya ngozi yake, na nilipoigusa parafujo ilikuwa ya moto. Lazima iwe ya moto: volti 2.1 kwa ampea 15 ni wati 30 na zaidi zinazopikwa kwenye parafujo moja. Hilo si suala la muziki tu, ni suala la moto ndani ya gari lenye watu 14.

Upande mwekundu tatizo lilikuwa kishikilia fyuzi, plastiki yake imeyeyuka na kishikio kimelegea. Nikakibadilisha, nikakisogeza karibu na betri, kwa sababu fyuzi iliyo mbali na betri hailindi waya ulio kabla yake. Erthi nikaitengeneza upya. Nilikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, nikatoboa, nikafunga bolti na nati na washa ya meno, waya mfupi wa shaba wa milimita mraba 16, kisha grisi juu yote kuzuia chumvi. Kuhusu waya, kwangueni kwa kisu kabla ya kulipa. Kuna nyingi sokoni ambazo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ndani ni nyeupe. Aluminiamu hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene ule ule, na kwenye chumvi ya huku kwetu inaoza haraka zaidi.

Nikapima tena: 13.6 kwenye ampu. Vizuri sana. Ami akakaa kwenye kiti cha abiria, akasikiliza, akanigeukia.

"Fundi, mbona bado?"

Alikuwa na haki. Na hapa ndipo ninapotaka mafundi wenzangu wanisikilize. Kosa nililolipata lilikuwa kosa la kweli, baya, la hatari. Lakini halikuwa kubwa vya kutosha kueleza udhaifu ule. Ampu za bei ya kawaida hazidhibiti volti zake za ndani, zinapanda na kushuka pamoja na betri. Kwa hiyo kutoka 13.6 kushuka hadi 11.2, nguvu inabaki kama asilimia 68. Inasikika kubwa ukiitamka, lakini sikio halihesabu hivyo. Sikio huhesabu kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Nguvu ikipungua nusu ni desibeli 3 tu, na wasikilizaji wengi hawataigundua bila kulinganisha papo hapo. Ili sauti isikike kuwa imepungua nusu, nguvu lazima ishuke hadi sehemu moja ya kumi, yaani desibeli 10. Asilimia 68 ni upungufu wa desibeli 1.7. Mtu hasemi "ampu imekufa" kwa sababu ya desibeli 1.7. Kwa hiyo nilijua, kabla Ami hajafungua mdomo, kwamba kazi haijaisha.

Fundi akitengeneza erthi, akaona volti zimepanda, akalipwa, gari litarudi. Si kwa sababu alidanganya. Alipata kosa akaacha kuhesabu.

Besi ndiyo iliyokuwa rahisi. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusa vichwa vya wufa kwa nukta moja tu, chanya kwa chanya. Koni inapaswa kuruka nje. Ya kulia iliruka nje. Ya kushoto, ile iliyowekwa koni mpya, iliingia ndani. Aliyebadilisha koni aligeuza nyaya za koili kwenye vichwa vyake. Wufa mbili kwenye sanduku moja, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta, ni mkokoteni wenye mtu mbele na mtu nyuma wanaoelekea pande tofauti: jasho linatoka, mzigo hauendi. Kila wufa ilikuwa nzima, kila moja peke yake ilipiga vizuri, ndiyo maana ukiipima kwa mita (omu 3.4 kila moja, sawa kabisa kwa wufa ya omu 4) huoni kosa. Nikageuza nyaya mbili. Besi ikarudi pale pale, makanga akaanza kucheza.

Ami naye alitabasamu, lakini mimi nilikuwa bado nasikia ule mpasuko. Ukipandisha redio kupita nusu, sauti za waimbaji zinakwaruza.

Nina faili la mlio wa 50 Hz (mawimbi 50 kwa sekunde) kwenye simu. Nalipenda kwa sababu ya urahisi: umeme wa nyumbani Kenya ni 50 Hz, kwa hiyo hata mita ya bei ndogo kwenye kipimo cha AC husoma mlio huo kwa usahihi. Nikaucheza kupitia redio, mita kwenye vichwa vya spika, nikapandisha taratibu huku nasikiliza. Mlio safi wa 50 Hz ni wa duara, mzito. Unapoanza kupasuka unasikia kama umeota meno. Ulipasuka mita ikisoma 5 tu, njia zote nne.

Volti 5 mara 5 ni 25, gawa kwa 4: wati 6. Ampu ya wati 64 inatoa wati 6. Hiyo ndiyo sehemu moja ya kumi. Hizo ndizo desibeli 10. Sasa nilikuwa na kosa lenye ukubwa sawa na malalamiko, na nikajua hilo ndilo.

Kabla ya kufungua ampu niliondoa shaka kwenye redio. Niling'oa waya za RCA, zile zinazopeleka muziki kutoka redio hadi ampu, nikapima kinachotoka: zaidi ya volti 2, kinatosha kabisa. Geini ya ampu (kitufe kinachopanga muziki unaoingia ukuzwe kiasi gani) haikuwa imepunguzwa, na swichi ya krosova, ile inayotenganisha besi na sauti nyembamba, ilikuwa mahali pake. Hizi mbili ziangalieni daima, zinachukua muda mfupi. Nimeona spika za mlangoni zikiwekewa kichujio cha besi pekee, mwenye gari akalia kuwa zimeungua.

Basi ampu ikaja mezani. Kwa majaribio mezani ninaunga taa ya mbele ya gari, ile ya wati 55, katikati ya waya mwekundu. Ikiwa kuna shoti ndani, taa inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinachoungua. Kama ni salama, taa inamulika kidogo kisha inafifia. Ilififia.

Volti 26 juu, zipo. Volti 26 chini, zipo. Kwa hiyo MOSFET, koili na dayodi vyote vizima. Wanaofika hapa wengi huanza kung'oa transista za mwisho, kwa sababu ndizo kubwa na ndizo zinazojulikana. Lakini njia zote nne zinapasuka mahali pale pale, na si rahisi transista za njia nne ziugue ugonjwa mmoja siku moja. Natafuta kitu ambacho njia zote zinakishiriki, na baada ya umeme mkubwa kilichobaki ni umeme mdogo: volti 15 chanya na 15 hasi zinazolisha IC za mwanzo, zile zinazopokea muziki kutoka RCA kabla haujafika kwenye transista kubwa.

Chanya: 14.9. Hasi: 1.8.

Nilifurahi, sifichi. IC inayopaswa kuyumba juu na chini kwa usawa ilikuwa na nafasi tele juu na karibu hakuna chini. Nusu ya kila wimbi ilikuwa inanyolewa kabla haijaanza safari.

Volti hasi 15 hutengenezwa kwa njia rahisi: rizista inapunguza kutoka 26, dayodi ya zena ya volti 15 inazishikilia. Rizista ilikuwa ya omu 470, na mita ilisoma maelfu. Sababu niliiona nilipoinama na kioo. Kiwandani huweka gundi ya njano kushikilia kapasita zisitikisike. Gundi hiyo ikikaa kwenye joto kwa miaka hubadilika rangi kuwa kahawia, inaanza kupitisha umeme na kula chuma. Ilikuwa imemwagika hadi kwenye mguu wa rizista, na mguu umeliwa ukabaki uzi. Ongeza mtikisiko wa barabara, ongeza unyevu wa pwani. Nikakwangua gundi yote hadi bodi ikaonekana kijani yake, nikasafisha kwa spiriti, nikaweka rizista mpya ya wati 2 iliyoinuliwa juu ya bodi ipate hewa. Nilibadilisha pia ile ya upande wa chanya, kwa kuwa ilikuwa imeanza kupauka. Zena zote mbili zilikuwa nzima. Kapasita kubwa pia, hazikuvimba vichwa. Nikapitia viungo vya risasi kwenye soketi za RCA, maana hizo hupasuka kwa mtikisiko, nikalehemu viwili upya.

Hasi: 14.8.

Sasa rudini kwenye erthi kidogo. Tungeanza na bodi, tukaacha ile parafujo ya mbao, nini kingetokea? Ampu dhaifu ilikuwa inavuta ampea 15. Ampu nzima, ikipigwa kwa nguvu, inavuta 30. Volti 2.1 zingekuwa 4.2, na zile 0.8 zingekuwa 1.6. Ampu ingebaki na volti 8 na kidogo, na nyingi hujizima zikifika 9 au 10. Ami angepata muziki mtamu unaokatika kila besi inapogonga, na angeambiwa, kwa mara nyingine, kwamba ampu imekufa.

Tukairudisha garini. Mlio wa 50 Hz, redio kwenye robo tatu ya sauti yake, nikafungua geini polepole hadi mita ikasoma 15, nikaacha hapo, chini kidogo ya kikomo. Nikatia tone la rangi ya kucha kwenye kila kitufe cha geini, kwa sababu makanga wana mikono. Volti kwenye ampu, muziki ukiwa juu: 13.3. Erthi: sehemu moja ya kumi ya volti. Nilimwomba Ami aweke wimbo anaoujua vizuri mwenyewe, akaweka taarabu ya zamani, na kinanda kikasikika kila noti mpaka kiti cha nyuma. Rizista mbili, kishikilia fyuzi, waya mfupi na bolti. Gharama ya vifaa haikukaribia hata kidogo bei ya ampu mpya.

Ukiwa na ampu yenye sauti hafifu na uko mbali na Mombasa, niandikie hapo chini namba hizi, nitakujibu: volti kwenye betri injini ikiwaka, volti kwenye skrubu za ampu muziki ukiwa juu, na volti za AC kwenye spika pale mlio wa 50 Hz unapoanza kupasuka. Andika pia fyuzi za ampu ni za ampea ngapi, na spika ni za omu ngapi. Usiniandikie wati za kwenye kasha.